Profesa wa Juisi Akwamishwa na Kahawa

Aurelia uko wapi?? Acha unachofanya usome hii.

Yule muuza juisi za tiba anayejiita Profesa karudi leo kwa Mzee Wolfgang. Karudi! Mtu aliyemwachisha mzee wa watu vidonge vya kupunguza kolesteroli wiki tatu nzima.

Bila haya kachuma kahawa mbivu shambani kwa mzee, kaiminya, punje ikachomoka. "Umeona mzee? Vidonge vinalainisha utando wa seli zako. Zitapasuka hivi hivi."

Zitapasuka! Profesa mzima!

Walburga binti wa mzee, si unajua anafanya kazi maabara, akamwambia babake: "Utando ukipungukiwa kolesteroli unalegea kidogo tu, baba, haupasuki. Seli ya damu inajikunja vizuri, inapita kwenye mshipa mwembamba."

 Mzee akachota konzi ya kahawa zilizokaukia mtini, ngumu kama kokoto, akazitia kwenye mashine yake ya kumenyea. "Zungusha," akamwambia Profesa.

Profesa kazungusha mpaka jasho limelowesha suti. Wapi! Mashine imekwama.

"Miaka hamsini namenya kahawa," mzee akasema. "Laini inapita. Ngumu ndiyo inayokwama. Sasa wewe damu yangu unaitakia ugumu wa nini?"

Profesa akatoa leso, akajifuta jasho, Aurelia. Mdomo wote ule, umeishia kwenye leso!!

Mzee akanyoosha mkono, Walburga akampa kidonge. Akafungua chupa ya juisi ya maonyesho ya Profesa, akakishushia nayo, mwenyewe anatazama.

"Juisi yako nzuri," akamwambia. "Inateremsha vidonge vizuri sana."