Senga, Mbale Nzima Inajua Habari ya Maji

Kwako Senga, shangazi yangu,

Nilirudi kutoka Mbale juzi, na mpaka leo sijapumzika. Nakuandikia nikiwa hapa Jinja, barazani kwako Nalufenya, kwa sababu nina jambo ambalo ni wewe tu ungelisikiliza bila kunihurumia. Zuhura, binti wa kaka yangu Hamisi, amepata mchumba. Kijana ni wa Mbale. Ndiyo, Mbale hiyo hiyo. Na kwa kuwa wewe hupo tena, senga wa ukoo, shangazi wa kupitisha wachumba, sasa ni mimi, na Hamisi amesema bila neno langu hakuna mgeni atakayekanyaga uani kwake.

Najua ungecheka. Mimi niliyerudi kutoka Mbale na talaka ndiye ninayeulizwa kama ndoa ya Mbale inafaa.

Jana niliitazama tena ile hadithi yetu. Wametoa filamu nyingine, unaamini? Ni kitabu kile kile cha zamani cha Kiingereza nilichosoma sekondari na kukutafsiria jioni huku wewe ukikunja vitambaa vya gomesi, yale magauni uliyowashonea wanawake: yule mjane wa kijijini anayewatafutia waume mabinti wa majirani, kila anayemuunganisha anaharibu, na mwishoni anaolewa yeye mwenyewe na daktari aliyekuwa akimcheka tangu mwanzo. Safari hii wamempa mjane simu kubwa, anachagua wachumba kwa picha akiwa amelala kitandani. Nikajikuta nageuza shingo kukutazama, nione utasemaje.

Ya kwanza tuliitazama kwenye kile kibanda cha filamu nyuma ya soko la Jinja, mimi nikiwa bado na sare ya shule. Wewe ulikuwa mwanamke mzima pekee mle ndani, umejifunga mtandio, umekaa mbele kabisa kama mwenye nyumba. Yule kijana wa kutafsiri alikuwa na kipaza sauti chake, anapunguza maneno ya Kiingereza na kumwaga ya kwake. Daktari akamfanya mtu wa Iganga. Mjane akamfanya muuza dagaa wa Wanyange. Watu wanaanguka kwa kicheko, wewe umenuna. Mwishowe ukapaza sauti:

"Wewe kijana! Hii mwanamke naunganisha watu namna gani? Bado haijafika hata nyumbani kwa bwana harusi!"

Akasimamisha filamu. "Senga, basi kuja wewe ushike hii maiki."

Kibanda kizima kikapiga makofi, na nusura uende kweli.

Ya Kihindi ndiyo uliyoipenda. Tuliinunua kwenye duka moja la barabara kuu, tukaitazama hapa nyumbani mpaka diski ikaanza kukwama. Kwenye hiyo mjane anakwenda nyumba kwa nyumba, anakunywa chai, anachungulia majikoni, anaongea na wakwe. "Hii sasa ni mtu ya kazi," ulisema. Kwenye nyimbo ulilia, ukasingizia vumbi la vitambaa. Ile nyingine ya Waingereza, yenye magauni marefu na mvua isiyokatika, uliitazama nusu ukaniachia, ukasema wale watu wanaoana na mashamba.

Uliwahukumu hivyo kwa sababu wewe ulikuwa mshenga kweli. Kuanzia hapa mpaka Mbale, Waislamu waliokuwa na binti wa kuolewa walikuja kwenye baraza hili. Na wote walijua unavyofanya kazi. Unatokea kwa kijana bila taarifa, unakaa, unaomba maji ya kunywa. Halafu unatazama. Je, anainuka mwenyewe au anamfokea dada yake alete? Glasi inaoshwa kwanza au inafutwa kwa shati? Akikupa anabaki kidogo au anakimbilia simu? Ukirudi unasema ndiyo au hapana, na wazazi hawabishi.

Kwa mume wangu ulisema ndiyo. Uliporudi kutoka kwao ulikuwa umefurahi hadi unaimba. Ukaniambia kijana ameleta maji mwenyewe, kwenye sinia, juu ya kitambaa safi, akapiga goti kama aliyelelewa na wanawake wenye akili. Nilikuamini. Nani asingekuamini? Siku ya kwanjula, wageni wao walipojaa uani kujitambulisha, ulisimama katikati ya wanaume wote wale wenye kanzu, ukapita mstari kwa madaha, ukamtoa yeye na kumbandika ua kifuani. Nina picha yake mpaka leo, wewe unacheka kuliko bibi harusi.

Sijawahi kukuambia nilichosikia mwaka uliofuata. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele na mashoga zake, akaanza kusimulia kama kichekesho. "Ile senga ya maji ya Jinja? Tulijua nakuja! Tulimufundisha kijana, asubuhi maji, jioni maji, mpaka goti ikauma. Hata sinia tuliomba kwa jirani." Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, ningefanya nini? Sifa yako ilikuwa imefika Mbale kabla yako. Glasi ile uliyopewa wewe ndiyo ya mwisho aliyombebea mtu. Hakunipiga, sitamsingizia. Alikuwa tu mtu ambaye hakuna alichokiona mpaka kimhusu yeye, na alipooa mke wa pili niliambiwa na muuza mkaa.

Nilikukasirikia, Senga. Naliandika hili leo kwa sababu huwezi tena kuumia. Nilikukasirikia kwa kujiamini, kwa ule wimbo uliorudi nao, kwa ua ulilombandika. Kwenye filamu zetu zote mjane anapogundua kosa lake, dakika chache tu linakuwa limesahihishwa. Mtu anakimbia kwenye mvua, mwingine anapanda farasi, kila binti anapata mume aliyestahili na sisi tunamaliza karanga. Kosa la kwangu nililipikia na kulifulia nguo miaka mingi. Nikarudi Jinja nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, na uchovu huo ninao mpaka sasa.

Nadhani ulijua. Tangu niliporudi hukukubali tena kumtafutia mtu mchumba. Wanawake walikuja na kilo zao za sukari, ukawaambia macho yako hayaoni vizuri, na dakika hiyo hiyo unatunga uzi kwenye sindano. Na ile filamu ya Kihindi tukiitazama, ikifika pale mjane anapoambiwa alichokifanya, ulikuwa unasema, "Zima, mwana wangu, naenda kuswali," hata kama ulishaswali.

Sasa sikia ya juzi. Nilikwenda kwa huyo kijana wa Zuhura bila kumwambia mtu, hata Zuhura mwenyewe. Kwao ni chini ya mlima Wanale, nyumba nzuri tu, ua umefagiliwa. Nikapiga hodi, nikavua viatu. Sijakaa, Senga, sijafungua mdomo! Sinia hilo hapo. Glasi juu ya kitambaa kilichopigwa pasi, na kijana keshapiga goti. Kumbe huko mimi ni mtoto wa yule senga wa maji, na sinia lilikuwa likiningoja tangu Zuhura atajwe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama yake aliogopa.

"Mama, maji iko mubaya?"

"Hapana, mama. Maji iko sawa. Mimi tu nimechoka na safari."

Nikayanywa. Wakanipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, na karanga nyingi, nikala nikimtazama kijana. Anafundisha hesabu, anaona haya, anampenda mama yake. Nimemtazama kwa yale macho uliyonifundisha na sikuona kitu. Hata mume wangu siku yake alikuwa hivyo hivyo. Lakini nikiwa pale, nimeshika ile glasi, nilikuona wewe kwenye kiti kama kile, mbali na nyumbani, unahangaika kumjua mtu mzima kwa glasi moja ya maji kwa sababu hukuwa na kingine cha kushika na mtoto mwenyewe ni mimi. Hasira ikaniishia pale pale, kabla ya chakula kuisha.

Niliporudi hapa nyumbani, Zuhura alikuwa ananingoja langoni, keshapigiwa simu na kijana.

"Senga, basi? Ni mutu muzuri?"

"Sijui, mwanangu."

"Senga gani hajui?"

"Huyu hapa."

Akakaa chini kwenye ngazi. Kisha akauliza, "Na wewe, nani alikutafutia?"

Nikamwambia, "Mtu aliyenipenda kuliko wote. Na alikosea."

Akachora chini kwa kidole cha mguu. "Mimi nampenda, Senga," akasema.

"Hilo nimeliona," nikamwambia. Ndicho kitu pekee nilichokiona katika safari nzima, na nilikiona hapa langoni.

Nimempa Hamisi neno langu, nimesema ndiyo. Jumamosi watakuja, nami nitasimama katikati ya wageni kama ulivyosimama, nipite mstari wa kanzu, nimtoe kijana na kumbandika ua. Watapiga vigelegele wakidhani namjua. Simjui, na wewe hukumjua wa kwangu, na nadhani hakuna senga aliyewahi kumjua yeyote.

Ninachokijua ni siku niliyorudi. Ulifungua mlango, ukaniona na mabegi, hukuuliza yuko wapi wala nini kimetokea. Uliyabeba ukayapeleka chumbani kwako, ukatoa godoro lako ukalileta sebuleni, ukaniambia uji uko jikoni. Ulilala sebuleni mpaka ulipofariki, na hukulitaja hata mara moja. Filamu zetu hazina sehemu hiyo kwa sababu zote zinaishia harusini.

Pumzika, Senga wangu. Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Leo asubuhi nimetoa vitu vyangu vyote mle chumbani, nimevihamishia sebuleni. Nimepaka chokaa ukutani na kutandika shuka mpya. Zuhura alipita akauliza chumba ni cha nani, nikamwambia ni cha wageni. Namwomba Mungu asije akalala humo hata siku moja.

Mtoto wa kaka yako,
senga wa Zuhura