Kamba ya Mgomba na Gauni la Mama

Mwanza, Jumapili

Dada Mwanahawa, shikamoo.

Kabla ya yote, naomba wote mlioko hapo Kinole msimame kidogo, kuna tangazo. Mimi mdogo wako, fundi Shabani, nimebuni shati ambalo dunia haijapata kuliona. Lina mifuko minne, mmoja uko mgongoni. Juzi nimelivaa kwenda sokoni, muuza dagaa akaniuliza, "Baba, huo wa nyuma umewawekea wezi?" Nikanunua dagaa wake, nikawatia humo humo.

Hujambo lakini? Kifua kinasemaje na baridi ya huko mlimani? Mimi mzima, isipokuwa macho. Siku hizi kutunga uzi kwenye sindano naomba msaada kwa wateja, nao wananicheka mpaka wanasahau walichofuata.

Kazi ipo, ila kila mtu anakuja na picha kwenye simu: "Fundi, nataka kama hili." Nguo za kutoka kichwani mwangu nimebaki kujishonea mwenyewe, na mara moja ile, gauni la Mama.

Shemeji amenipigia. Anasema unataka kuuza cherehani. Kwamba tangu arobaini ya Mama hujampima mtu, na jirani alikuja na kitambaa chake ukamrudisha, ukamwambia, "Mkono wangu hauaminiki tena." Dada, nimekaa na maneno hayo wiki nzima.

Futi yako ilikuwa imefutika namba, ukampima Mama kwa kamba ya mgomba, kama alivyotufundisha mwenyewe: fundo moja bega, mawili kifua, matatu nyonga. Shemeji akaishusha mpaka Mikese, akampa kondakta wa basi la huku. Nami nikabuni gauni lisilo na mwenzake: vifungo mbele toka juu mpaka chini, maana ulisema mabega yake hayanyanyuki, mikono mipana ya kumrahisishia kutawadha, na mfuko wa ndani wa tasbihi.

Likafika pana kama turubai. Ulinisimulia kwenye simu Mama alivyojitazama, akacheka: "Hili la mama yenu wa zamani. Mkimwona, mpeni." Ukataka kulipunguza, akakataa. "Liache, huenda nikanenepa." Ukamkazia kwa pini, akasali nalo Idi. Idi nyingine hakuiona. Nilipofika nilikuta udongo bado mbichi.

Siku ya arobaini Mama Mdogo akalinyanyua mbele ya watu. "Haya, nani alipima hili?" Ukainamisha kichwa: "Mimi. Kamba ilinidanganya." Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, mkono kwenye sinia la pilau. Nikaendelea kutafuna.

Nisalimie Shemeji, mwambie amefanya vizuri kunipigia. Nisalimie Mama Mdogo na ulimi wake, na Mjomba aliyetuongozea dua.

Jana barua iliishia hapo. Nikaichana, nimeiandika upya leo ili niongeze haya.

Kamba yako haikudanganya. Siku iliponifikia niliinyoosha mezani, nikafungua daftari langu la zamani, lile la enzi nashonea barazani Kilakala, lenye vipimo vya Mama akiwa na mwili wake. Nikapima, nikapima tena. Nikajiambia imekauka njiani ikasinyaa. Halafu nikaizungusha kwenye sanamu la msichana wa shule ninalotundikia sare. Mafundo ya kifua yakakutana na mwanzo wa kamba, sawasawa.

Nilielewa pale pale, dada. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kujua mwili wa mtu asiyekuwepo mbele yangu. Vifungo vya mbele nilivikubali. Wembamba wa kamba yako nikaukataa. Ningekata kwa kamba yako, kesho yake ningelazimika kupanda basi, nikamwone alivyo. Niliogopa. Nikachukua mkasi nikakata kwa daftari, nikijua.

Wewe ukabeba kosa mbele ya ukoo, nami nikakuacha ulibebe.

Kamba ninayo, nimeikunja humu kwenye bahasha. Mwonyeshe Mama Mdogo, umsomee na barua. Halafu mwite yule jirani arudi na kitambaa chake, umpime.

Mdogo wako,
Shabani