Rupia ya Ba

Jumapili, 3 Septemba 1995

Naahidi kuandika yote humu. Mazuri na ya aibu. Hakuna atakayesoma, kwa hiyo hakuna wa kudanganya.

Leo soko la Daraja Mbili na Shangazi, ambaye nakaa kwake, kama kila Jumapili. Yeye anauza ndizi mbivu, mimi narudisha chenji. Nimegeuza kila sarafu iliyopita mkononi mwangu. Hakuna kitu. Shilingi za juzi tu.

Hansa aliondoka jana asubuhi. Nilikuwa kanisani. Kwa Shangazi hakuna kutoka Shule ya Sabato kwa sababu ya rafiki, hata kama rafiki anarudi Nairobi mpaka Desemba. Anakaa huko kwa mjomba wake tangu aanze kidato cha kwanza. Kabla ya hapo tulikaa dawati moja miaka mingi hapa mjini. Ndiye aliyekuwa akipekua droo ya pesa katika duka la vitambaa la baba yake, mimi nikipekua soko. Hivyo ndivyo tulivyoanza kukusanya sarafu.

Sina rafiki mwingine. Nimeiandika.

Alhamisi tulibadilishana kwa mara ya mwisho. Nilimpa peni yangu ya tundu ya 1936, yenye jina la yule mfalme aliyeacha kiti kabla ya kuvikwa taji. Yeye alinipa rupia. Ya fedha! Ya 1917, wakati hata huku kwetu walitumia rupia. Ni nzito. Imekuwa nyeusi pembeni, na shingoni mwa mfalme pameganda kitu chekundu.

Nilimwambia, "Hansa, hii inazidi peni yangu mara mia."

Akacheka. "Wewe chukua bwana, kabla sijabadilisha nia."


Jumatano, 6 Septemba

Nimemwandikia Hansa. Kurasa mbili. Shangazi amesema stempu si majani ya kuchuma kichakani.


Jumapili, 10 Septemba

Siku njema. Nimepata peni tatu za tundu, moja ya mfalme na mbili za malkia, kwa ndizi moja kila moja. Ndizi zinatoka fungu langu, zile Shangazi ananiachia mwisho wa siku. Hiyo ndiyo bajeti yangu yote, na inatosha kwa sababu siku hizi sarafu za tundu hazinunui kitu. Akina mama wanazo kwenye mafundo ya leso na chini ya mikebe ya chumvi.

Mama anayeuza mboga karibu nasi aliwaita wenzake waje wanione. "Njooni muone msomi! Anatoa ndizi nzuri, anachukua pesa iliyokufa!"

Mwingine akasema, "Omoiseke, wewe msichana, mimi nina mume wa zamani pia ana tundu. Utanipa ndizi ngapi?"

Wakacheka mpaka Shangazi naye akacheka. Mimi pia. Halafu nikatafuta wa kumsimulia, hakuna.

Za malkia zilikuwa mbili zinazofanana, basi moja nikairudisha. Ndiyo kanuni yetu mimi na Hansa. Hatukusanyi kila kitu. Tunachagua safu moja ndogo na kuikamilisha. Safu yangu ni peni za tundu, moja ya kila mfalme kuanzia shilingi ilipoingia, na ya malkia mwisho. Nimetoboa madirisha kwenye kadibodi ya sabuni. Dirisha la 1936 sasa liko wazi. Rupia ina dirisha lake peke yake, juu, katikati.


Ijumaa, 15 Septemba

Maandalio ya Sabato. Shangazi hufundisha kwamba chochote kinachoweza kung'aa lazima king'ae kabla jua halijatua. Nimesugua sufuria zote, vijiko, birika, hata bawaba ya mlango. Majivu, ndimu, na nyuzi za mgomba. Niliposugua sufuria ya mwisho nikaikumbuka rupia. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo, nacho ndicho kichafu kuliko vyote nyumbani. Niliona aibu kwa niaba yake.

Nikaisugua. Kile chekundu kilikataa, nikatumia ncha ya kijiti. Kikatoka. Nyeusi ikatoka. Imekuwa nyeupe kama kijiko kipya.

Shangazi aliigeuza mwangani. "Sasa hii hata mchungaji unaweza kumwonyesha," akasema. Shangazi hasifu ovyo. Nimelala na furaha.


Jumatatu, 18 Septemba

Shule imefunguliwa. Msichana niliyepangwa kukaa naye ameomba kuhamia dawati la dada yake. Nakaa peke yangu tena.

Maktabani kuna kitabu kikubwa cha maarifa, kina ukurasa mmoja kuhusu sarafu. Nikakimbilia huo. Kimeandikwa: kamwe usisugue sarafu ya kale. Rangi yake ya umri ndiyo thamani yake. Ikishatoka hairudi.

Nimerudi nyumbani nikaiangalia juani. Ina mikwaruzo midogo kila mahali, kama uwanja uliofagiwa. Ndevu za mfalme zimelainika.

Mjinga mimi. Mjinga msafi.


Jumapili, 24 Septemba

Mvua. Soko bovu. Hakuna barua ya Hansa.


Jumapili, 1 Oktoba

Hakuna barua. Nimeandika ya pili. Sikutaja kusugua. Nimeandika habari za mboga na yule mama wa mume mwenye tundu. Nilipoisoma tena ilionekana kama imeandikwa na mtu mchangamfu.


Alhamisi, 12 Oktoba

Lazima niandike hii polepole.

Shangazi alinituma mjini nikanunue uzi wa cherehani. Nikaenda duka la kina Hansa. Nilitumaini pia kusikia habari zake. Nilikuta vitambaa vimeshushwa kwenye rafu, droo zimetolewa, baba yake Hansa amepiga magoti nyuma ya kaunta na tochi. Ba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Ba ni bibi yake Hansa, mama wa baba yake. Alikuwa akilia bila sauti. Sijawahi kumwona Ba akilia. Huwa anatusuta tu kwa kula njugu dukani.

Nikamuuliza kuna nini.

"Diwali nakuja," akasema. "Rupia yangu hapana iko."

Akanieleza yote, maana nilikuwa nimesimama tu. Ana sanduku dogo la sala. Ndani kuna rupia moja aliyopewa na mama mkwe wake siku ya ndoa. Mama mkwe aliipaka rangi nyekundu kwa kidole chake mwenyewe. Kila Diwali, sikukuu yao ya taa, wanaiosha kwa maziwa, wanaisalia, wanairudisha. Maziwa tu. Kidole cha yule mama kimebaki pale mpaka leo.

"Nyekundu yake hapa," akasema, akajigusa shingoni.

Nilinunua uzi. Nikasahau chenji. Baba yake Hansa akaniita nirudi nichukue.


Ijumaa, 13 Oktoba

Maandalio tena. Nimesugua sufuria na kila nilipochota majivu nilikumbuka kidole cha yule mama.

Nawaza hivi. Naweza kunyamaza. Hakuna anayejua. Ni rupia yangu, tulibadilishana kwa haki, na kubadilishana hakurudishwi nyuma, ndivyo tulivyokubaliana. Ni fedha tupu. Sitapata nyingine maishani.

Pia sitaweza kuiangalia tena.

Nikiirudisha wataniuliza nimeipata wapi. Nikisema Hansa, Hansa ataadhibiwa na hataniandikia tena kamwe. Nisiposema, mimi ni mwizi.


Jumamosi, 14 Oktoba

Sabato. Mahubiri yalihusu mtumishi mwaminifu. Bila shaka.


Jumanne, 17 Oktoba

Nimeipeleka baada ya shule. Nilitaka kumkuta Ba peke yake, lakini baba yake Hansa alikuwepo akipima kitambaa cha sare. Nikaifungua leso na kuiweka kwenye kiganja cha Ba.

Aliitambua mara moja, kwa uzito nadhani, kwa sababu alifumba macho na kutabasamu kabla hajaitazama. Halafu kidole gumba chake kikaenda kwenye shingo ya mfalme. Kikapapasa. Kikarudi. Kikapapasa tena. Akafumbua macho.

"Wewe nafanya nini na yeye?"

"Nimeisafisha, Ba."

"Na nini?"

"Majivu."

Sikujua. Ningesema sabuni kama ningejua. Ba aliivuta mikono yake nyuma kama imeungua, rupia ikaanguka kwenye kaunta. "Majivu iko ya mtu kufa," akasema. "Sisi nachoma mtu, nabaki majivu. Wewe napaka mama yangu majivu?"

Baba yake Hansa akaja. Si mkali kwa kawaida. Akaniuliza, "Kemunto, nani alikupa hii?"

Nilinyamaza.

"Uliichukua mwenyewe? Siku zile ulikuwa unakuja juu nyumbani kucheza na Hansa?"

Nilitazama mita yake ya mbao ya kupimia vitambaa.

"Mtoto wa kanisa," akasema. Hakupaza sauti. "Ungeniomba, ningekupa nyingine. Sasa usije hapa tena."

Nikageuka kwenda. Ba akagonga kaunta. "Na hii chukua. Mimi hapana weka ndani ya sanduku. Hii sasa mpya. Mpya si yangu."

Hivyo nimetembea na rupia mkononi mpaka nyumbani Kiogoro. Niseme ukweli, niliahidi. Sikunyamaza kwa wema. Nilinyamaza kwa sababu Hansa ndiye peke yake, na nikimpoteza sina mtu. Mtu mwema angekuwa na sababu nyingine.


Jumatano, 18 Oktoba

Shangazi ameuliza kwa nini sili. Nimesema tumbo. Amenichemshia mtama, uji mwepesi, akakaa nami mpaka nikamaliza. Karibu nimwambie.


Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Tata amekuja kutoka Nyamira, ameleta kuku na maziwa. Baba yangu ni mtu wa majani ya chai, vidole vyake vyeusi hata akioga mara ngapi. Aliniuliza kuhusu masomo. Nikamwonyesha kadibodi yangu. Akauliza mbona hapo juu pako wazi. Nikasema ile ilikuwa ya watu.

"Umerudisha?"

"Nimerudisha, Tata."

"Basi umefanya vizuri," akasema, akaendelea kunywa chai. Sikumwambia kwamba iko chini ya godoro. Angalau nusu ya nilichosema ilikuwa kweli.

Alikuwa aondoke kesho lakini kesho ni Sabato, atalala hadi Jumapili. Nyumba ina sauti ya mwanamume akikohoa. Napenda.


Jumapili, 22 Oktoba

Bibi mmoja wa Kenyenya, anayeleta parachichi sokoni, alifungua fundo la leso na kunimwagia sarafu za tundu kiganjani. "Nimesikia kuna mtoto anazipenda," akasema. "Mimi zinanichosha kuzibeba." Hakutaka ndizi. Nikamlazimisha ndizi tatu.

Ya tatu niliyogeuza ilikuwa ya 1936.

Nimeiweka dirishani mwake bila kuigusa zaidi ya lazima. Ina kutu kidogo ya kijani, nimeiacha. Safu imekamilika! Kila mfalme na malkia, na gharama yake yote ni ndizi zangu. Ni nzuri kuliko nilivyofikiri. Zote za kahawia, kila moja na kahawia yake.

Nilimwonyesha Shangazi. "Mbona hujazisugua?" akauliza.

Tata alikuwa ameshaondoka asubuhi. Nimeegemeza kadibodi ukutani nikaitazama mpaka giza likaingia. Safu iliyokamilika inataka watu wawili.


Jumatatu, 23 Oktoba

Diwali. Nilipita mjini kutoka shule, upande wa pili wa barabara. Wamewasha taa ndogo za mafuta kwenye ngazi zote za duka, na mlangoni wamechora maua kwa unga wa rangi. Mwaka jana nilisaidia kuchora. Hansa alinipa kazi ya majani kwa sababu maua yangu yalikuwa mabaya.

Ba alikuwa kwenye kiti chake na sari mpya. Aliniona. Hakuniita. Hakugeuza uso pia. Tulitazamana mpaka lori la mawe likapita katikati yetu. Lilipokwisha kupita alikuwa bado ananitazama.

Nimerudi nyumbani nikiwa na tumaini dogo ambalo sijui nilitie wapi.


Alhamisi, 26 Oktoba

Nimekuwa nikiwaza kicheko cha Hansa siku ile. "Kabla sijabadilisha nia." Nimekuwa nikikisikia kama kicheko cha mtu mkarimu. Jana darasani, katikati ya hesabu, nilikisikia tofauti.

Labda alidhani ni rupia tu kati ya rupia. Sanduku la Ba lina vitu vingi. Labda alitaka niwe na kitu kikubwa kwa sababu anaondoka. Labda aliitaka sana ile peni. Labda ndiyo sababu haandiki.

Siwezi kumkasirikia mtu kwa kitu nisichokijua. Siwezi pia kuacha.


Jumapili, 29 Oktoba

Mvua kutwa. Hatukwenda soko. Shangazi amelala mchana, jambo analolifanya mara chache. Maji yanadondoka kwenye migomba na kuku wamejikunyata chini ya ghala.

Nimeandika barua ya tatu kwa Hansa. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye majivu na machozi na baba yake. Nimeichana. Ya pili ilikuwa ya hasira. Nayo nimeichana. Iliyobaki haina hata salamu, ni swali moja tu. Sikumwambia nilisema nini dukani wala nilinyamaza nini. Akitaka kujua ataniuliza, nami nitajibu.

Nimetia ndani bahasha ya pili, imekunjwa, ina anwani yangu na stempu tayari. Pesa yangu ya mwezi imeishia hapo. Nataka jibu kwa posta ya kwanza, hata neno moja tu, hata likiwa baya.

Hansa, siku ile uliponipa, ulijua ni ya Ba?