Chupa Nyeupe ya Saa Kumi na Mbili

Tallsjö, 9 Februari 1964

Mwanangu Gunvor,

Natumai barua hii itakukuta na nafuu. Sisi huku wazima, ila baridi ndiyo inayotutawala. Baba yako Evert anakusalimu, amerudi salama kwa treni kutoka kukuona. Bibi anakusalimu kutoka kitini kwake karibu na jiko. Dada yako Solveig anakusalimu, na mumewe pia. Ng'ombe Rosa amezaa ndama jike, wanakusalimu wote wawili. Kuku kumi na mmoja wanakusalimu, ingawa kwa baridi hii wanataga kwa kunionea huruma tu.

Sasa mwanangu, baba yako kaniambia neno limenikaa kooni. Eti huli kabisa. Eti huko hospitalini Stockholm wanatundika chupa ya kitu cheupe kama maziwa, kinashuka kwa mrija mpaka kwenye mshipa wa mkono, na ndicho chakula chako. Nikamwambia umeona vibaya, ulikuwa unalia. Akasema hakulia. Bibi naye akasema mtu hulishwa mdomoni, mkono ni wa kushika kijiko. Mimi shule niliishia mwaka wa nne, lakini nimelisha watoto na ndama, sijaona aliyeishi bila kumeza.

Kwa hiyo nakutumia soksi za sufu, na ndani ya ile ya kushoto nimeficha kipande cha jibini la kuchoma unalolipenda. Kula kidogo kidogo, manesi wasione.

Mama yako

Tallsjö, 25 Februari

Mwanangu,

Hatujambo, bibi hajambo. Wiki mbili sasa sina neno lako. Mleta barua akipita anainamisha kichwa, kana kwamba kosa ni lake. Soksi zilifika? Niambie hata kwa mstari mmoja.

Mama yako

Stockholm, 4 Machi

Mama yangu,

Salamu kwako, kwa baba, bibi na Solveig. Naandika polepole, mkono mmoja una sindano.

Soksi zilifika. Jibini nililila lote, mama, nimejifunika blanketi gubigubi, na lilikuwa tamu hata nikatokwa machozi. Hazikupita saa mbili utumbo ukafunga. Nilitapika, nikashikwa na homa siku tisa. Daktari akauliza nimekula nini na nimekitoa wapi. Nikasema sijui. Nesi Ingalill aliokota soksi, akainusa, akaikunja akaiweka kabatini.

Usijilaumu, mkono uliopeleka mdomoni ni wangu. Ila usitume tena. Utumbo una vidonda na lazima upumzike kabisa, usiguswe hata na uji, mpaka nipate nguvu za kupasuliwa. Daktari anataka nifike kilo arobaini na mbili. Nilikuwa thelathini na tano. Sasa nimerudi thelathini na tatu.

Nilimuuliza nesi ile nyeupe ni nini. Akasema ni mafuta ya soya, wanayachanganya na kitu kinachotolewa kwenye kiini cha yai, yanakuwa matone madogo mno hata damu haishtuki. Yai la kuku, mama. Na jana amenikata kucha. Sijameza chochote tangu ile homa, na kucha zimeota.

Wako Gunvor

Tallsjö, 9 Machi

Mwanangu,

Bibi anakusalimu, baba yako anakusalimu, Solveig na mumewe wanakusalimu. Kuku pia wanakusalimu, na safari hii uwaitikie vizuri.

Jibini nililichoma mimi na nililificha mimi. Nilitaka kukulisha, nikakuumiza. Nilipomwambia baba yako, alitoka akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Nisamehe, mwanangu.

Kisha nikachukua yai, nikalivunja kwenye sahani, nikakaa nikalitazama. Miaka arobaini navunja mayai na sikuwahi kulitazama. Nikawaza kifaranga: anakaa mle siku ishirini na moja, hajatia kitu mdomoni, kila kitu kinamfuata kwa mishipa kutoka kwenye kiini, na akitoka ana kucha. Nikamwita bibi aje aone. Aliivuta sahani karibu, akatazama, akasema, "Kumbe Mungu alishaanza zamani. Hao madaktari wamechungulia tu."

Basi niambie chupa hutundikwa saa ngapi. Sisi tutakula saa hiyo hiyo, usile peke yako. Natuma soksi nyingine. Nimezigeuza nje ndani, nesi ajionee kwamba hazina kitu.

Mama yako

Stockholm, 8 Aprili

Mama yangu,

Salamu kwenu wote, na kwa kuku kwa heshima zote.

Kama nilivyokuandikia kwenye ile kadi, chupa hutundikwa saa kumi na mbili jioni. Nafumba macho, nasema sala yetu ya mezani. Bi Sjödin wa kitanda cha pili alinicheka: "Binti, unaibariki chupa? Uombee na mrija basi." Siku ya tatu nikamwona ameinamisha kichwa naye.

Nimefika kilo arobaini na mbili na nusu. Watanipasua Jumanne, tarehe kumi na nne. Naogopa, mama.

Wako Gunvor

Tallsjö, 17 Aprili

Mwanangu Gunvor,

Bibi anakusalimu, Solveig na mumewe wanakusalimu, Rosa na ndama wanakusalimu, kuku wanakusalimu. Baba yako nitamsema peke yake.

Jumanne ilipofika saa kumi na mbili tuliketi mezani sote, na sahani yako ipo mahali pake. Tukasema sala. Hakuna aliyeinua kijiko. Supu ikapoa, ikaganda mafuta juu. Ndipo yule mtu wa dukani kwenye simu ya kijiji, aliyepigiwa na hospitali, akaja mbio kwenye theluji bila kofia, akasimama mlangoni anahema, akasema, "Ameamka. Ameulizia kuku."

Baba yako, ambaye Stockholm hakulia, aliinamia supu yake ya baridi mabega yakitikisika. Safari hii sikumwambia kwamba analia.

Nimeambiwa kwamba utumbo ukishapona watakupa kijiko cha kwanza cha kumeza. Sitatuma kitu mwanangu, naapa, hata harufu. Ila nijulishe upesi siku na saa ya kijiko hicho. Mwambie nesi apige simu dukani kama barua itachelewa, kwa sababu siku hiyo huku hakuna atakayeinua chake kabla yako.

Mama yako