Koti la Mvua la Baba

Hasamba, Mbozi
14 Novemba 2008

Kaka yangu mpendwa Yonathani,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo hapo Mkwajuni, na kwamba kifua kimepata nafuu tangu uache kuingia kwenye mashimo ya dhahabu. Mimi mwili mzima. Ila tangu tumzike mama, nyumba imekuwa kimya mno; redio naiwasha asubuhi nipate tu sauti ya mtu.

Makumbusho yetu madogo ya usharika nimeyatunza miaka yote hii. Zamani watu walipita Jumapili baada ya ibada. Siku za karibuni wiki nzima ilipita nikifuta vumbi kwenye vibuyu bila mtu kuniuliza kitu.

Barua yako niliipata. Unasema Krismasi utawaleta watoto waone humo koti la mvua la plastiki alilovaa baba enzi za kujenga reli pale Tunduma. Kaka, usiwaahidi. Koti limeharibika. Limekuwa la njano, linatoka jasho la mafuta, na mikono imegandana na kifua. Nilipojaribu kuibandua, ilichanika.

Mwezi uliopita alikuja mtaalamu wa makumbusho kutoka Dar es Salaam, mama mpole aitwaye Imelda. Alinieleza kwamba plastiki nayo huzeeka, na koti kama lile hulazwa bila kukunjwa, penye ubaridi na giza, mbali na nailoni na naftalini. Kisha akauliza ni nani aliyelikunja, akalifunga kwenye nailoni na naftalini, akalifungia kwenye sanduku la bati. Nikamjibu kwamba ni wewe, ulilileta hivyo hivyo. Akaandika jina lako kwenye kadi ya maelezo ya koti, na wazee wa usharika wote wameisoma.

Nilisema uongo, kaka. Wewe uliliacha msumarini likiwa zima kabisa. Nililikunja mimi, kama mama alivyotunza vitenge vyake vya sikukuu, nikijua nalitendea mema. Nikaogopa kuambiwa sifai, maana kile chumba cha makumbusho ndipo mahali pekee ninapoitwa kwa jina langu. Nimelia sana, na si kwa ajili ya koti.

Jana nilimweleza mzee Osea, katibu wetu, yote. Jina lako limefutwa kwenye kadi, langu limeandikwa, na ufunguo wa makumbusho nimeurudisha.

Nisalimie wifi, na watoto mmoja mmoja. Kama bado moyo unakuruhusu kuja, njoo nao. Nitawasimulia koti lilivyokuwa, na ni nani aliyeliharibu.

Mdogo wako,
Ferista