Mlango wa Chumba cha Kaka

4 Machi

Mdogo wangu,
Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo baridi ya huku inalichezea. Nimesikia barabara za juu zitajengwa hapo njia panda, na nyumba ya wazazi imepigwa alama nyekundu. Funga mizigo, uje huku. Nimeishi ugenini tangu nywele zikiwa nyeusi, mtu anazoea.
Kaka yako

20 Machi

Kaka,
Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, na cherehani nayo nzima. Siji. Mkandarasi anataka kubomoa nyumba yote, lakini mstari wa wapimaji unapita sebuleni na chumbani kwako tu. Nimemwambia, "Chukua vyako, baba. Jikoni kwangu usiguse."
Akacheka. "Mama, nani anaishi kwenye nusu nyumba?"
"Mwenye nayo."
Chumba chako nakifagia kila Ijumaa. Hicho ndicho kinaniuma.
Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,
Salamu. Goti ni lilelile. Acha ukaidi. Chumba kitupu si cha kugombania na tingatinga. Nijibu upesi.
Kaka yako

30 Mei

Mdogo wangu,
Kimya chako kimezidi. Siku hizi gazeti nalifungua kwa woga. Andika hata neno moja: mzima.
Kaka yako

18 Juni

Kaka,
Shikamoo. Mzima. Haya, umeridhika?
Tingatinga lilikuja. Nilikaa jikoni nikishona sketi za shule mpaka dereva akazima injini, akashuka kuniomba maji. Mwishowe wakaleta mafundi, wakakata kuta kwa msumeno wa mawe, penye mstari hasa. Macho yalinitoka machozi kwa vumbi; wasije wakakwambia nililia. Pale ulipokuwa unalaza kichwa pamesimama nguzo ya zege.
Nimejenga ukuta mpya upande ule, nikapachika mlango wa chumba chako. Sasa unafungukia barabarani, na wateja wangu wanaingilia hapo. Fundi alinung'unika kwamba ni mfupi. Nikamwambia, mwenyewe amezoea kuinama.
Mdogo wako

9 Julai

Mdogo wangu,
Hujambo? Goti linauma, lakini limeshakata tiketi.
Nilikudanganya. Mtu hazoei.
Kitanda usinunue, nitandikie karibu na cherehani. Mlango usiupake rangi mpaka nifike. Mkandarasi akipita, mwambie mwenye chumba anarudi, na anauliza wamekipeleka wapi.
Kaka yako