Mfuko Hurudi Palepale

Jumatatu, 6 Machi 1893

Mzee Ruppert, fundi wa matandiko ya farasi ninayemshonea, ana wazimu mpya. Matandiko hayanunuliki kama zamani, sasa kila klabu hapa Brooklyn inataka mifuko ya kupiga ngumi. Si ile ya duara iliyofungwa kamba juu na chini. Hii inaning'inia juu tu, chini ya ubao, umbo la pea. Vipande vinne vya ngozi, ndani kibofu cha nguruwe. Nimeshona miwili tangu asubuhi. Vidole vinawaka. Mtoto wangu Delia anaota jino, hashikiki.

Mume wangu Malachy amepigilia ubao kwenye dari ya sebule bila kumwambia mwenye nyumba. Akipiga ngumi moja, mfuko unagonga ubao mara tatu — ta-ta-ta — ndipo anapiga tena. Mama Doheny wa chini alipanda kuuliza kama tumefungua karakana ya seremala. Malachy akamjibu kwamba hapana, ni mapenzi. Mama Doheny akasema basi ya marehemu mume wake yalikuwa ya kimya zaidi.

Nimecheka. Muda mrefu sijacheka.

Jumanne, 7 Machi

Kibofu kilikuwa kinavuja. Nikaweka kingine, nikakipuliza kwa mdomo mpaka masikio yakaziba. Harufu ya nguruwe hainitoki kooni. Nadhani nilijaza hewa kupita kiasi, maana Malachy alipopiga, mfuko ulirudi mbio kuliko alivyozoea, ukamkuta kwenye nyusi ya kushoto. Akacheka, akasema, mke wangu ananipiga kwa mkono wa mfuko wake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeketi upande huo, namnyonyesha Delia. Mfuko ulimjia kutoka upande huo, na yeye hakupepesa. Kama mtu asiyeuona.

Ijumaa, 10 Machi

Siku tatu namwangalia. Nikimwekea kikombe kushoto, anakitafuta kwa vidole. Leo asubuhi nilimnyooshea kijiko cha uji taratibu, kutoka kushoto, mpaka kikakaribia sikio. Hakugeuka. Nikarudisha mkono.

Nikamuuliza wazi. Akasema tangu Novemba, tangu pigano la Hoboken. Kwanza ilikuwa kama pazia. Sasa hakuna kitu.

Nikamwambia, na hao wanaokuja klabuni kukutazama, mbona hawajui? Akasema, kwa sababu wananitazama kwenye mfuko. Ni kweli. Mfuko hurudi palepale, kwa mapigo yaleyale. Anaupiga kwa masikio. Bwana Gaffney, meneja wake, huwaleta watu wamwone na kusema hakuna jicho kali kama hilo katika Brooklyn nzima. Mungu anisamehe, na ile mifuko naishona mimi.

Lakini Lindqvist, atakayepigana naye Ijumaa ijayo, si mfuko. Ni Mswidi wa bandarini, na kila mtu anajua mkono wake wa kulia. Mkono wa kulia wa Lindqvist unatua wapi? Kushoto kwa Malachy.

Jumapili, 12 Machi

Misa. Kwaresima, na bado Gaffney anatuletea nyama ya ng'ombe. Anasema kwa bondia nyama ni dawa, padri hawezi kukataza dawa. Malachy anakula akiwa amegeukia ukuta, kama mwizi. Mimi na Delia uji wa shayiri.

Nimemwomba aache. Akasema pigano hili tu, la Ijumaa, sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Akishinda, Gaffney atampa kazi ya kufundisha vijana klabuni, hapandi tena ulingoni. Akiacha sasa, hakuna klabu, hakuna kitu. Nikamwambia, na ukipigwa kwenye lile lililobaki? Akaniwekea mkono wangu juu ya kichwa cha Delia.

"Apa hapa, Nora. Hutamwambia mtu."

Nimeapa. Kichwa chake bado kina joto la usingizi. Nimeapa juu ya hicho.

Jumatano, 15 Machi

Nimeapa kutosema. Sikuapa kutoshona.

Kesho alasiri kuna maonyesho klabuni, Malachy na mfuko tu, hata wanawake wanaruhusiwa. Mfuko utatoka kwa mzee Ruppert, na Ruppert amenipa mimi niushone. Gidamu, ile kamba ya ngozi ya kufungia mfuko, nimeikaza upande mmoja, mwingine nimelegeza. Kibofu nimekijaza mpaka kimelia. Kwa macho ni mzuri kabisa. Utakwenda ovyo kama kuku aliyekatwa kichwa. Wataona kwamba Malachy hauoni. Watacheka, ataona haya, pigano litavunjwa.

Afadhali aibu. Aibu hupona.

Alhamisi, 16 Machi

Sijui niandike vipi.

Ukumbi ulijaa, watu hamsini hivi, moshi mtupu. Nilisimama nyuma na Delia mgongoni. Alianza vizuri, ta-ta-ta, kisha mfuko ukakata kushoto ukamchapa kwenye jicho. Wakacheka. Mara ya pili. Mara ya tatu akapiga hewa kabisa, mwanamume mmoja mwenye kofia ya bakuli akauliza kama wamelipa kiingilio kuona mtu akifukuza nzi. Moyo wangu ulikuwa unauma na kufurahi kwa pamoja. Nikasema sasa. Sasa Gaffney ataona.

Gaffney akaja, akaukamata mfuko, akauminya. Akatangaza kwamba aliyeushona arudi kushona soksi. Watu wakacheka zaidi. Wala hakumtazama Malachy usoni.

Malachy akaushika. Akapitisha kidole gumba juu ya gidamu, polepole, mpaka kwenye fundo. Fundo langu analijua. Hakunitafuta kwa macho. Akasema tu, "Leteni mwingine."

Wakaleta ule wa zamani. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akafumba macho yote mawili. Akapiga, ngumi, viwiko, ngumi, dakika nne nzima, bila kukosa hata pigo moja. Watu wakasimama juu ya viti. Yule wa kofia ya bakuli alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Gaffney akanijia uso unang'aa: "Umeona, shemeji? Huyu hata macho hayahitaji."

Sasa wote wameweka dau kwa Malachy. Sasa hawezi kuacha hata akitaka. Hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Tukarudi nyumbani. Alimbeba Delia. Alitembea kulia kwangu, na mimi nikawa upande wake wa kushoto, kama kawaida. Kumbe kwa miezi minne ananipanga hivyo, na sikujua.

Ijumaa, 17 Machi

Asubuhi maandamano, matarumbeta, riboni za kijani. Delia alipiga makofi dirishani. Malachy alilala, au alijifanya.

Saa tisa alasiri aliingia jikoni amekwisha vaa koti. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya gidamu. Akakaa. Akasema amezungumza na Gaffney nisimame kwenye kona yake, eti nishike taulo, kwamba mke huleta bahati. Gaffney kakubali, leo angekubali lolote.

"Utasimama karibu na kamba," akasema. "Lindqvist akivuta bega la kulia, wewe sema kushoto. Neno hilo tu. Watu mia sita watakuwa wanapiga kelele, lakini sauti yako naijua."

Nikamwambia mimi si mfuko wala si jicho. Nikamwambia nikichelewa je, nusu ya sekunde tu? Akasema, "Hujawahi kunichelewea, Mama Delia." Akaenda kunisubiri ngazini.

Delia yuko kwa Mama Doheny. Shali ninayo mabegani. Sijasema ndiyo. Kama siendi, ataingia hivyo hivyo. Kama naenda, basi kila ngumi itakayompata ni yangu.

Ameniita mara moja.

Nimejaribu neno lenyewe hapa, nimeshika meza. Kushoto. Limetoka dogo, hata mlio wa birika umelishinda.

Nimejaribu tena, kwa nguvu — na kule nje, kwenye giza la ngazi, nimesikia bega lake likigonga ukuta wa kulia. Amekwepa.